Gari Lililokuwa Zuri Alasiri

Haji alikuwa na sharti lake. Kabla hujaliweka gari chini kwa mzunguko mpya, ulisimama mbele ya watu wote ukasema kwa sauti ni kitu gani umekibadilisha tangu mara ya mwisho. Kitu kimoja tu. Ukitaja viwili, alikuonyesha pembeni kwa kidole, uende ukarudishe kimojawapo kilivyokuwa. Ukisema hujui, alicheka, na wote wakacheka naye.

Sharti hilo lilinitesa mimi kuliko mtu mwingine yeyote pale. Sijui kubadilisha kitu kimoja. Nikigusa springi za mbele naanza kufikiria za nyuma zitasemaje, na nikizigusa za nyuma naona uzito wa betri hauko mahali pake tena, na nikiisogeza betri nagundua kwamba sijui tena nilianzia wapi. Ndivyo ninavyofikiri hata nikienda kununua sabuni.

Haji aliuza jenereta, ambazo sisi tunaziita gurupe. Alikuwa mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura, tangu babu zake, na kwa jinsi umeme ulivyokuwa ukikatika kwa sababu ya vita, biashara yake ilikuwa miongoni mwa chache mjini zilizosimama. Ghala lake lilikuwa upande wa kuelekea Buterere. Nyuma yake kulikuwa na sakafu kubwa ya zege ya jengo ambalo halikuwahi kuinuliwa kuta, na hapo ndipo tulipokimbiza magari yetu Jumapili asubuhi: vigari vya mashindano vya kuongozwa kwa rimoti, vya urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Mchezo ule uliletwa na Wazungu wa miradi. Nchi ilipochafuka waliondoka mbiombio, na magari yakabaki kwa madereva wao, kwa mafundi wao, kwa watu waliowauzia mboga. Haji akayapa uwanja. Alichora njia kwa chokaa na kuzungushia kona mapine ya zamani ya lori.

Lakini mimi sikwenda pale kucheza. Nilikuwa nimemaliza chuo, chuo kilichokuwa kikifungwa na kufunguliwa hadi nikasahau niliingia lini, na diploma yangu ya mashine ilikuwa imekaa chini ya godoro ikipata mikunjo. Haji alikuwa akitafuta fundi kijana wa gurupe. Nilipompelekea ile diploma hakuifungua.

“Hizi ziko mingi, kijana yangu,” alisema. “Hata zamu wangu, ule analinda geti, iko na diploma. Nasikia baba yako mudogo alikupa gari. Lete gari hapa Jumapili. Siku itakata kona zote bila kuzunguka, na we uniambie ni sababu gani inakata, siku hiyo unaanza kazi.”

Ni kweli nilikuwa na gari. Baba mdogo ana gereji Buyenzi, ya kutengeneza teksi. Mzungu mmoja wa mradi wa maji, siku ya kuondoka, alimwachia kasha lenye gari lililofunguliwa vipande vipande, kwa kumshukuru. Baba mdogo aliliweka kasha juu ya meza mbele yangu.

“We si ulisoma mashine?” aliniuliza. “Mashine ni hii.”

Kuliunga haikuwa kazi. Kazi ilikuwa amortisa. Kila gurudumu lina yake, kichupa kidogo cha kufyonza mtikiso, ambacho ndani yake pistoni yenye vitundu hupanda na kushuka katika mafuta. Mafuta yakiwa mazito kupita kiasi, gurudumu linakuwa kama limefungwa kwa mti, na gari linaruka kwenye kila ufa. Yakiwa mepesi kupita kiasi, gari linayumba kama mtu aliyetoka kwenye pombe. Yale mafuta yake yenyewe hayakupatikana. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, dawa za hospitali zenyewe zilikuwa za kutafuta kwa tochi, nani angeleta mafuta ya kigari?

Nilianza na mafuta ya breki. Yakala vipete vya mpira, na amortisa zote nne zikatokwa na machozi. Nikajaribu mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika, nikayachuja kwa soksi, lakini yalibaki na uchafu ulioziba vitundu. Mwishowe nikaingia jikoni kwa mama nikachota mawese. Yalikuwa mekundu, maangavu, yenye kuteleza kati ya vidole jinsi nilivyotaka. Nilijisifu siku ile. Nilimweleza kila aliyepita gerejini kwamba vikwazo haviwezi kumshinda mtu aliyesoma, na mwenye teksi mmoja aliniuliza kama ningeweza basi kumpikia petroli.

Asubuhi uani kwa baba mdogo, chini ya paa lake la bati, hapakuwa na mahali pa kuweka hata mguu. Palijaa teksi zenye boneti zilizofunguliwa na watu waliozibishania. Baada ya swala ya alasiri zilitoka zote kwenda kuwahi abiria wa mwisho kabla ya saa ya kukatazwa kutoka nje, na hapo uwanja ulikuwa wangu. Nilipanga kona kwa makopo. Gari lilikwenda vizuri mno. Liliingia kona likiwa limelala chini, likatoka bila kutikisa mkia. Kwenye bati la mfereji, ambalo nililifanya liwe ufa wangu wa majaribio, lilipita kama halijaliona.

Jumapili ya kwanza nililiweka chini kwa Haji nikiwa na uhakika, kitu ambacho hunijia kwa nadra. Kwenye kona ya kwanza pua ilikataa kugeuka. Kwenye kiungo cha zege, pale vipande viwili vya sakafu vinapokutana, magurudumu ya mbele yaliruka juu, yakatua, yakaruka tena. Kona ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho, mkia ulipita mbele na gari likajipigiza kwenye mapine.

Fundi wa redio alishika tumbo kwa kucheka. Huyo ni rafiki yangu, Mkongo wa Uvira aliyekodi pembe ya gereji yetu kwa kazi yake ya redio na tepu. Huimba kwaya, na Jumapili alikuja moja kwa moja kutoka kwenye ibada ya kwanza ya asubuhi akiwa bado amevaa shati la kwaya la rangi ya zambarau. Gari lake alikuwa amelivisha bodi aliyoikata kutoka kwenye bidoni la manjano la mafuta ya kupikia. Ndani ya amortisa zake hakutia mafuta yoyote. Alijaza vipande vya kandambili. Kwa hiyo liliruka nalo, lakini lilikuwa likiruka vilevile kila siku, na yeye alikuwa amelizoea.

“Injenyeri!” alinipigia kelele. “Gari yako iko inaruka kama panzi! Uiambie hapa tuko kwa mbio, hatuko kwa dansi!”

“Kesho utaona,” nilimwambia.

“Kesho si siku ya Mungu. Njoo siku ya Mungu ndiyo nione.”

Haji hakucheka. Aliandama gari kwa macho mpaka lilipojipigiza, kisha akarudi kwenye kiti chake.

Siku iliyofuata alasiri nililijaribu uani bila kugusa kitu. Lilikata kona zote.

Hapo ndipo nilipopoteza amani. Kwa mtu mwingine huenda jambo lile lingekuwa faraja. Mimi nililiona kama tusi. Nilikaa kwenye tairi nikiwaza, na kila wazo lilizaa lingine. Wazo la kwanza lilikuwa zege. Ghala lile liko karibu na mashamba ya mpunga, asubuhi pana unyevu, bila shaka mapine ya gari yalikuwa yanateleza. Nikayasugua mapine kwa petroli mpaka yakanata mkononi. Jumapili ya pili nikasimama nikasema, “Nimesugua mapine.” Gari likaruka kama mwanzo, tofauti ikiwa kwamba sasa, likitua, lilinata na kupinduka.

Wazo lililofuata lilikuwa redio. Hazikuwa mbali na pale kambi za askari wenye mitambo yao ya kuzungumzia, na nikajiaminisha kwamba mawimbi yao yanaingilia rimoti yangu asubuhi, wakati wanapopeana habari za usiku. Nilimwomba fundi wa redio anibadilishie fuwele ya rimoti, kile kipande kinachochagua mawimbi.

“Sha, ndugu yangu, wanajeshi hawana haja na gari yako,” alisema akiwa ameuma waya kwa meno. “Kama wangeitaka, wangeichukua tu.”

Aliibadilisha hata hivyo. Haikusaidia.

Baada ya hapo nikaanza kujichunguza mimi mwenyewe. Labda ni kidole changu. Labda macho ya watu yananifanya nivute mapema. Nililala nikikunja na kukunjua kidole cha shahada. Alasiri nilimwomba baba mdogo asimame karibu aniangalie kwa ukali kama Haji, nione kama nitakosea. Alisimama, mikono kiunoni, akanitolea macho. Nilizunguka makopo yote bila kosa.

“Sasa uko sawa,” alisema.

“Siko sawa, baba mdogo. Hapa liko sawa kila siku. Kule ndiko linakataa.”

“Basi kule pana kitu.”

“Kitu gani?”

“Ningekuwa nakijua ningekuwa mi ndiye Haji anatafuta.” Akarudi kwenye gia-boksi yake.

Nilikuwa nimeshaanza kuota lile gari. Si ndoto za ushindi. Niliota nafungua skrubu moja na chini yake iko nyingine. Mama alisema nimekonda. Alidhani ni habari za vita zinanila, na ni kweli usiku tulisikia milio kutoka milimani, lakini wakati wengine walihesabu kama milio inakaribia au inakwenda mbali, mimi nilikuwa nikijiuliza kama magurudumu ya nyuma yaelekee ndani kidogo zaidi. Nilijionea haya. Halafu nikaendelea kuwaza magurudumu.

Jumapili moja Haji aliniita pembeni. Nilikuwa nimetangaza springi ngumu mbele, na gari lilikuwa limeruka juu kuliko siku zote.

“Kijana yangu, mi sina haraka, lakini gurupe za watu ziko na haraka. Kuna kijana ingine alikuja, anaongea vizuri. Jumapili inakuja ni ya mwisho. Isipokata, namuchukua yeye, na mi na we tubaki majirani wema. Umesikia?”

“Nimesikia, Haji.”

“Na upunguze kuwaza. Nakuona. Kichwa chako iko inapiga kelele kuliko gurupe.”

Wiki ile nilibadilisha kila kitu. Nilirudisha kila kitu. Alasiri zote gari lilikuwa zuri: zuri kwa springi ngumu, zuri kwa springi laini, zuri betri ikiwa mbele na ikiwa nyuma. Lilikuwa kama mtu anayekujibu ndiyo kwa kila swali. Ijumaa nilifikiria kumwambia Haji kwamba sitakuja. Jumamosi nilitunga maneno ya kumwambia.

Jumapili niliamka giza likipungua. Usiku mvua ilinyesha na hewa ilikuwa na baridi ya kuvaa sweta, baridi ambayo Bujumbura hupata kwa saa chache tu kisha inajuta. Mama alikuwa jikoni akitaka kuunga maharage ya jana. Alichukua chupa ya mawese, akaiinamisha juu ya sufuria. Yakadondoka machache mepesi ya juu, yakakoma. Akaiinamisha zaidi. Hakikutoka kitu. Akaigonga tako. Hakikutoka kitu. Akaisimamisha karibu na mbabula, jiko letu la makaa, akaanza kukata kitunguu kana kwamba hakuna lililotokea.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na gari mkononi.

Sehemu kubwa ya chupa ilikuwa imejaa kitu kizito cha rangi ya machungwa, kama siagi. Juu yake yalikuwa yamebaki mafuta kidogo mekundu, maangavu, yakitembea.

“Mama, yameganda.”

“Nini?”

“Mawese. Yameganda.”

“Yanaganda kila asubuhi tangu ulipozaliwa,” alisema. “Jua likitoka yanalegea. Shika huu mwiko.”

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilikasirika. Nilibonyeza magurudumu ya gari kwa kiganja, yakashuka polepole kama mlango wenye kutu. Zile Jumapili zote, petroli, fuwele, kidole changu maskini, wakati amortisa nne zilikuwa zimejaa siagi! Nilikuwa nimekula mawese maisha yangu yote. Nilikuwa nimeagizwa nikayapashe maelfu ya asubuhi. Lakini nilipoyatia kwenye mashine, sikuyaona tena kama mawese. Niliyaona kama mafuta ya amortisa.

Hapakuwa na muda wa kuyamwaga na kutia mengine. Baba mdogo alikuwa akipiga honi nje, ndiye aliyekuwa akinipeleka kwa teksi. Njiani niliendelea kuyabonyeza magurudumu. Tulipofika kwa Haji niliruka nje, nikatandika gazeti juu ya boneti iliyokuwa ikiunguza, nikalilaza gari kwa upande mmoja, halafu kwa mwingine.

Fundi wa redio alikuja mbio na shati lake la zambarau.

“Jamani, kujeni muone! Injenyeri ameleta mugonjwa! Ameilaza kwa kitanda!”

“Niache.”

“Iko na homa ama iko na baridi? Tuiombee?”

Watu walizunguka teksi. Haji naye alikuja, tasbihi mkononi. Zamu yangu ilipofika nilisimama kwenye mstari wa chokaa.

“Umebadilisha nini?” aliuliza Haji.

“Sijabadilisha kitu. Nimelipasha moto.”

Vicheko vilisikika mpaka barabarani. Haji aliinua mkono, wakanyamaza. “Weka chini,” alisema.

Nililiweka chini. Na kwa mara ya kwanza kwenye zege lile gari langu lilikuwa gari langu la alasiri. Lilipita kiungo cha kwanza kimya. Liliingia kona ya mapine likiwa limelala, likatoka, likanyooka. Fundi wa redio alisema, taratibu, “Yezu wangu.” Mzunguko wa pili vilevile. Kulikuwa na upepo wa baridi ukitoka mashambani, na nilianza kuhisi, kabla sijaona, kwamba muda unaniishia. Mzunguko uliofuata pua ilianza kuwa nzito. Kwenye kiungo gurudumu moja liliruka. Nilijua kitakachofuata na sikuwa na la kufanya, nilishika rimoti tu nikitazama. Kona ya mwisho mkia ulipita mbele, gari likaenda kujipigiza kwenye mapine yaleyale.

Hakuna aliyecheka. Hilo liliniuma zaidi.

“Basi?” alisema Haji.

Nilimweleza. Mawese yanaganda baridi ikiingia, pistoni haitembei, gurudumu linaruka badala ya kufuata ardhi. Kwetu nalijaribu alasiri, chini ya bati, yameyeyuka. Hapa ni asubuhi. Boneti iliyalegeza, upepo umeyagandisha tena.

“Kumbe ametia mboga!” alisema fundi wa redio, lakini si kwa sauti kubwa.

Haji aliviringisha tasbihi. “Mi niko na muteja huko Mugamba, mulimani. Kule baridi inauma meno. Gurupe yake ikikataa, utailaza kwa boneti?”

“Hapana, Haji. Asubuhi hii nimeiona chupa ya mama. Chini yameganda, juu yamebaki mepesi. Nitayaacha yagande, nimimine yale ya juu tu, niyatie hayo.”

“Umejaribu?”

“Bado.”

“Basi unajuaje itafaa?”

Siku nyingine ningemjibu kwa robo saa, na kila sababu ingepinga nyingine. Nilikuwa nimechoka. “Kwa sababu leo, kwenye baridi hii hii, ya juu yalikuwa yanatembea na ya chini yalikuwa yamekaa.”

Alitia tasbihi mfukoni. “Kesho saa moja asubuhi,” alisema. “Vaa viatu vya kufunga, si hizo sandali.”

Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema, “Lakini Haji, gari halijakata kona zote.”

Fundi wa redio alinikanyaga mguu. “Nyamaza, sha! Mutu anakupa kazi!”

“Nilisema ikate, na uniambie sababu,” alisema Haji akiwa amekwisha geuka. “Sababu nimesikia. Kukata utanionyesha siku ingine.”

Siku nyingine haikuja. Jumatatu nilianza kazi, na wiki hiyo hiyo mapigano yakaingia mjini, watu wakakimbia kutoka Mutakura na mitaa ya jirani, na magodoro kichwani. Haji aliwafungulia uwanja. Mahema ya plastiki yakasimama juu ya njia yetu ya chokaa, na mapine ya kona yakawekwa juu ya kingo za mahema yasipeperuke. Asubuhi moja nilikwenda kufunga gurupe ya kuvuta maji pale, nikaona mama mmoja amekaa kwenye pine la kona ya mwisho, lile lililozoea kupigwa na gari langu, akimsuka binti yake. Sikuwa na haki ya kusikitika kwa ajili ya kigari. Nilisikitika kidogo hata hivyo.

Yale mafuta ya juu niliyapata. Niliyamimina kabla ya jua kutoka, nikayatia, nikafunga skrubu. Gari liko tayari. Lakini siku za kazi, asubuhi niko kwa Haji au njiani kwenda kwa wateja, na Jumapili asubuhi uani kwa baba mdogo pamejaa teksi kama zamani. Kutoka alfajiri hakuruhusiwi. Muda ninaoupata ni baada ya alasiri, bati likiwa la moto, saa ambayo hata yale mawese ya kwanza yasingeganda. Napanga makopo, naliweka gari chini. Fundi wa redio huacha chuma chake cha kulehemu na kuja kutazama.

“Umebadilisha nini?” huniuliza, kwa sauti ya Haji.

“Mafuta.”

Linakata kona zote. Linapita bati la mfereji kama halijaliona. Lilikuwa likifanya hivyo tangu mwanzo.